Neti ipo, mbu bado wanamuuma mtoto: mwongozo kamili wa kumkinga mtoto mchanga kuanzia jioni hadi asubuhi

Swali linalonifikia mara kwa mara kutoka kwa akina mama wa Moshi na Arusha ni hili: neti ipo, tena ni ya kliniki, lakini kila asubuhi mtoto anaamka na vipele usoni na mikononi. Nikiuliza zaidi, majibu karibu yote yanaangukia sehemu tatu. Neti imening'inizwa lakini haijachomekewa. Mtoto analala amegusana nayo. Au ameshaumwa sebuleni kati ya saa kumi na mbili jioni na saa tatu usiku, kabla hata hajapelekwa kitandani. Hii ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi.

Mwongozo huu ni wa mtoto asiyefikisha mwaka mmoja. Neti ndiyo kinga kuu na tutaanza nayo, lakini usiishie hapo. Soma hadi jioni na mchana, kwa sababu huko ndiko watu wengi wanakosea huku wakiilaumu neti.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Chandarua chenye dawa, kikubwa kuliko kitanda. Kama kitanda ni nne kwa sita, tafuta neti ya tano kwa sita au sita kwa sita.
- Kamba imara na misumari au ndoano za kutundikia.
- Sindano na uzi wa kushonea matundu.
- Tochi. Ya simu inatosha.
- Nguo za mtoto za pamba, nyepesi, zenye mikono mirefu na miguu mirefu, zisizombana. Soksi pia.
- Kapu au beseni dogo la kuweka vitu vya usiku ndani ya neti.
- Wavu wa madirisha, kama nyumba haina.
- Kipimajoto. Kinapatikana famasi, na kila nyumba yenye mtoto mchanga iwe nacho.

Umeona sijaandika dawa ya mbu ya kuchoma, wala mafuta ya kienyeji, wala vile vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyotoa mlio. Si kwamba nimesahau. Mlio haufukuzi mbu. Hayo mengine nitayaeleza yatakapofikia zamu yake.

## Hatua ya 1: Hakikisha neti yenyewe ni ya kazi

Soma lebo. Neti nyingi nzuri za kisasa, zile za stendi na za reli zinazotangazwa mitandaoni, huuzwa bila dawa. Zinapendeza chumbani, lakini mbu akitua juu yake hadhuriki. Anatembea taratibu akitafuta tundu, na akikuta mkono wa mtoto umeegemea kitambaa anamuuma hapohapo kupitia vitundu. Neti yenye dawa inamfukuza au kumuua anapoigusa, hivyo hata ikiwa na dosari ndogo bado inafanya kazi.

Njia rahisi ya kuipata ni kliniki. Uliza unapoanza kliniki ya ujauzito, na uulize tena mtoto anapokwenda chanjo ya surua akiwa na miezi 9. Ukinunua dukani, neti za Olyset zinatengenezwa hapahapa Arusha katika kiwanda cha A to Z, na dawa yake imo ndani ya uzi wenyewe.

Neti mpya itoe kwenye mfuko na kuianika kivulini kwa saa 24 kabla ya kuitumia. Dawa ikiwa bado mbichi inaweza kumfanya mtu apige chafya au awashwe uso. Baada ya kuanikwa, kiasi kinachobaki kwenye kitambaa ni salama kwa mtoto kulala chini yake. Usiianike juani, kwa sababu jua linaharibu dawa.

Neti ya zamani ikague mchana. Ishike kwenye mwanga wa mlangoni na kuipitisha mkononi upande mmoja baada ya mwingine. Tundu la kupita kidole linampitisha mbu bila shida. Shona yote. Kama huna kiraka, kusanya kitambaa cha pembeni na kukifunga kwa uzi kama fundo. Haitapendeza, lakini mbu hapiti.

Kufua: maji ya kawaida na sabuni ya kipande, bila kusugua kwa nguvu, bila jiki, na bila kuiloweka usiku kucha. Anika kivulini. Fua inapochafuka kweli, si kila wiki, maana kila unapoifua unapunguza dawa. Kwa kawaida neti hizi zimetengenezwa zidumu kama miaka 3, au mifuo 20 hivi.

Utajua umefanikiwa ukisimama ndani ya neti, mwenzako azunguke nje na tochi usiku taa ikiwa imezimwa, na usione tundu popote.

## Hatua ya 2: Itundike iwe na nafasi

Watu wengi hutundika neti juu sana. Ncha za chini zinabaki zinaelea, godoro linaonekana, na mtu anaridhika kwa sababu neti "imekaa vizuri". Shusha kamba. Pande zote lazima zifike chini ya godoro na zibaki na ziada ya kama kiganja na nusu ya kuchomekea.

Neti ya pembe nne inampa mtoto nafasi zaidi kuliko ya duara. Ya duara inabana kwa juu na kulegea pembeni, na mtoto akijigeuza anaangukia kitambaa. Kama unayo ya duara tu, mlaze katikati, usimweke ukingoni.

Kwenye chumba cha kupanga, mwenye nyumba akikataza misumari, funga kamba kwenye kenchi kama hakuna dari, au kwenye nondo za dirisha upande mmoja na juu ya kabati upande wa pili. Nimeona pia watu wakifunga fito nne kwenye miguu ya kitanda. Inafanya kazi vizuri, na ukihama unahama nazo.

Tahadhari mbili. Kamba ndefu zisining'inie karibu na mtoto. Zikate au zifunge juu. Na moto wowote ukae mbali: mshumaa, koroboi, jiko la mkaa. Neti inashika moto haraka mno.

## Hatua ya 3: Kuchomekea, yaani kazi yenyewe

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu neti isiyochomekewa inapoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Mbu haingii kwa kutoboa. Anashuka pembeni mwa kitambaa hadi chini, anakuta uwazi, anapanda ndani. Akishaingia hatoki: mmemfungia na mtoto usiku kucha.

Fanya hivi kila siku, bila kuruka:

1. Teremsha neti kabla giza halijaingia, saa kumi na moja na nusu jioni hivi. Ukisubiri hadi usiku, mbu walioko chumbani wanakuwa wameshatua kwenye shuka na mto.
2. Ingiza kichwa na tochi, kagua pembe za juu na nyuma ya mito. Mbu hupenda kutulia sehemu zenye kivuli. Ua unayemkuta.
3. Chomekea pande tatu kabisa, kitambaa kiende chini ya godoro, si kati ya shuka na godoro. Pande hizo hazifunguliwi tena hadi asubuhi.
4. Upande wa nne ndio mlango wenu. Nao uchomeke, hata kama kitandani hakuna mtu bado.
5. Unapomwingiza mtoto, inua sehemu ndogo tu ya mlango, mpitishe, ingia, na chomekea kutokea ndani kabla ya kufanya jingine lolote, hata kama analia.

Mtoto alale mbali na ukuta wa neti kwa angalau urefu wa mkono wake. Kama analala kati yenu, vizuri. Kama analala upande mmoja, mama akae upande wa nje na mtoto aelekee katikati ya kitanda. Usimwekee mito kumzunguka ili asiguse neti. Mtoto mchanga anaweza kuzibwa pumzi na mito hiyo.

Kitanda cha mtoto chenye fito kina kazi ya ziada. Neti ikifunikwa juu ya fito, mikono inatokeza na kugusa kitambaa. Tumia neti kubwa inayoshuka mbali na fito na kuchomekewa chini ya godoro la kitanda hicho, ikiwa imebana. Mtoto akishaanza kujigeuza na kuvutavuta vitu, hakikisha hakuna kipande kilicholegea cha kujiviringisha nacho.

Asubuhi, kagua tena kwa tochi kabla ya kukunja. Ukimkuta mbu mnene mwenye tumbo jekundu ndani ya neti, huyo amekula usiku, na kuna mahali ameingilia. Patafute siku hiyohiyo. Mafanikio ni hili: asubuhi tatu mfululizo bila mbu ndani ya neti na bila kipele kipya.

## Hatua ya 4: Kati ya magharibi na kulala

Fikiria jioni ya kawaida Pasua au Ngarenaro. Mlango uko wazi kwa sababu chumba kina joto la kupikia. Mtoto yuko mgongoni kwa mbeleko, au amelazwa kwenye kochi huku dada akikoroga ugali. Baba anarudi, majirani wanapita kusalimia, taarifa ya habari inaanza. Mtoto anakaa pale hadi saa tatu, miguu wazi, halafu ndipo anapelekwa kwenye neti safi, iliyochomekewa vizuri kabisa.

Mbu wa malaria wa jenasi ya Anopheles huuma kuanzia giza linapoingia hadi alfajiri. Katika mashamba ya mpunga ya Lower Moshi, upande wa Mabogini na Chekereni, anayeongoza ni Anopheles arabiensis, na huyo hajali: huuma ndani na nje, binadamu na ng'ombe. Kumtegemea aingie chumbani ndipo umzuie ni kuchelewa.

Kwa hiyo panga jioni upya. Mwogeshe mtoto mapema, saa kumi na moja hivi, na akitoka bafuni avae nguo za usiku moja kwa moja: mikono mirefu, miguu mirefu, soksi. Nguo iwe ya rangi nyepesi na isimbane, kwa sababu kitambaa kilichonata kwenye ngozi mbu anakipenya.

Moshi ya Januari na Februari ina joto, na mama ana haki ya kuuliza kama mtoto hatapikika. Mvalishe tabaka moja tu jembamba, acha shali. Gusa shingo yake kwa nyuma: ikiwa imelowa jasho, punguza. Arusha ya Juni na Julai ni kinyume chake, mtoto amefunikwa hadi puani na mama anasema kipindi hiki hakuna mbu. Wamepungua kwa baridi, hawajaisha. Neti iendelee.

Funga mlango na madirisha yasiyo na wavu kuanzia saa kumi na mbili kasorobo. Nyumba ikishapoa, unaweza kufungua yenye wavu. Kama kuna feni, ielekeze eneo alipo mtoto lakini isimpulize usoni moja kwa moja. Mbu ni mrukaji dhaifu, upepo unampoteza.

Na kama mtoto atalala saa moja usiku, apelekwe kwenye neti saa moja usiku. Asisubiri wakubwa wamalize kula. Wageni waje wamwone kesho mchana. Bibi akilalamika kwamba mnamficha mjukuu, mweleze kwa heshima na umwombe awe mlinzi wa neti. Mabibi wengi wakishaelewa sababu wanakuwa wakali kuliko mama mwenyewe.

## Hatua ya 5: Usiku wa manane

Mtoto mchanga ananyonya mara kadhaa usiku, na kila mama akitoka nje ya neti ni mlango unaofunguliwa. Ndiyo maana ya lile kapu. Ndani ya neti, upande wa miguuni, weka pampasi au nepi mbili tatu, kitambaa cha kumfutia, mfuko wa kuwekea chafu, chupa yako ya maji ya kunywa, na tochi. Nyonyesha ukiwa umekaa ndani. Badilisha ukiwa ndani.

Ukilazimika kutoka, toka kwa haraka na chomekea ukiwa nje. Ukirudi, chomekea ukiwa ndani. Baba anayerudi saa tano usiku afanye hivyohivyo. Asivue viatu akiwa ameketi kitandani, mguu mmoja ndani na mwingine nje, neti imemwegemea begani. Mwambieni mapema, si usiku wa manane wakati mmechoka wote.

## Hatua ya 6: Mchana, mahali ambapo hakuna anayeangalia

Mbu wa Aedes, yule mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni, huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri. Ndiye anayeeneza dengi. Kama mtoto anaota vipele alasiri ilhali usiku mmeshaufunga, mtafute huyu.

Mama mwenye meza Mbuyuni au soko la Kilombero humlaza mtoto kwenye boksi chini ya meza, kivulini, karibu na miguu ya watu na mabaki ya mboga. Kivuli hicho ndicho mbu wa mchana anachokitaka. Pandisha boksi juu ya kreti au benchi imara, lifunike kwa kipande cha neti kilichokazwa pembeni kisimguse mtoto, na umwone uso wakati wote. Usilifunike kwa kanga nzito. Joto na kukosa hewa ni hatari kubwa kuliko mbu.

Neti ndogo za mwavuli zinafaa hapa, na nyumbani mtoto anapolala mkekani. Zungushia kanga iliyoviringishwa kwenye ukingo ili usiinuke. Lakini usiitegemee usiku: ni ndogo, mtoto anaigusa, na nyingi hazina dawa. Mtoto akishaweza kuivuta, iache.

Dada wa kazi au yeyote anayebaki na mtoto afundishwe kwa vitendo. Mwonyeshe, kisha yeye akuonyeshe. Kusema tu "umfunike na neti" hakutoshi.

## Hatua ya 7: Chumba na kiwanja

Madirisha kwanza. Fundi akimaliza kuweka wavu, zima taa mchana na utazame kingo zake. Ukiona mstari wa mwanga kati ya wavu na fremu, mbu atapita hapo. Bana kwa mbao nyembamba au misumari zaidi. Nyumba zisizo na dari zina uwazi mkubwa kati ya ukuta na bati, na mbu wengi hupitia huko. Kama dari haiwezekani mwaka huu, ziba uwazi wa chumba cha mtoto peke yake kwa wavu uleule wa dirishani. Si ghali kama dari, na hewa inaendelea kupita.

Kisha maji. Yai la mbu linaweza kufikia kuwa mbu anayeruka kwa siku 7 hadi 14 kwenye joto, ndiyo sababu kazi hii ni ya kila wiki. Chagua siku moja, Jumamosi asubuhi inafaa, na zunguka kiwanja chote: makopo, matairi, sahani za chini ya maua, chombo cha kunyweshea kuku, gata lililoziba majani, simtanki lisilo na mfuniko. Na beseni la kulowekea nepi. Hilo hukaa siku mbili tatu likisubiri jua, na mbu wa Culex anayapenda maji machafu kuliko safi.

Kumwaga peke yake hakutoshi. Aedes hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Sugua kwa brashi kabla ya kujaza tena.

Kwa walio kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, kuna jambo watu wa mjini hawalijui. Maji ya mvua yanayotuama kwenye makwapa ya migomba na magimbi ni mazalia ya aina fulani za Aedes. Sisemi mkate migomba. Punguza majani makavu na mimea iliyo karibu kabisa na dirisha la chumba cha mtoto, na msimu wa masika, Machi hadi Mei, mtoto asilazwe mchana chini ya migomba bila neti.

Chemba iliyovunjika mfuniko izibwe. Bomba la hewa la choo cha shimo lifungwe kipande cha wavu juu.

## Hatua ya 8: Dawa za kupaka, za kupuliza na za kuchoma

Mtoto chini ya miezi 2 hapakwi dawa yoyote ya kufukuza mbu. Nguo na neti tu.

Baada ya miezi 2, yenye DEET (kemikali ya kufukuza mbu) ya kati ya asilimia 10 na 30 inaweza kutumika pale ambapo huwezi kukwepa, mfano mko msibani nje hadi usiku. Soma lebo na uulize famasi. Mtu mzima apake kwanza mikononi mwake kisha ampake mtoto kidogo kwenye ngozi iliyo wazi. Usipake viganja vyake, maana vinaenda mdomoni, wala karibu na macho, mdomo au penye mchubuko, wala chini ya nguo. Mkirudi, muoshe kwa sabuni. Mama akijipaka, asipake matiti, na aoshe mikono kabla ya kunyonyesha.

Dawa zenye mafuta ya mkaratusi-limau si za mtoto chini ya miaka 3. Mafuta ya mwarobaini na ya mkaratusi yawekwe mbali kabisa, mtoto mdogo akiyameza yanamdhuru vibaya, hadi degedege. Mafuta ya mgando hayafukuzi mbu.

Dawa ya kuchoma, koili, inatoa moshi unaokaa kwenye mapafu madogo ya mtoto. Isiwashwe chumba alimo. Kivumbasi ni kweli kinapunguza mbu, na watafiti wa huku kwetu wamekipima. Matawi mabichi yakiwekwa dirishani sina neno, lakini usichome ndani na mtoto yumo, na usikihesabu kuwa ni badala ya neti.

Ukipuliza chumba, mtoto atoke, na nguo na matandiko yake yatoke. Puliza saa kumi jioni, funga kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha fungua hewa ipite hadi harufu iishe ndipo arudishwe. Kamwe usipulize huku mtoto yuko ndani ya neti.

## Hatua ya 9: Mkisafiri

Hili linawahusu hasa walioko juu: Machame, Marangu, Kibosho, na Arusha mjini kwenye baridi. Watoto wachanga hupata sehemu ya kinga ya malaria kutoka kwa mama kabla ya kuzaliwa, lakini mama aliyekulia mahali penye malaria kidogo hana nyingi ya kumpa. Mtoto wake akipelekwa Tanga, Mwanza au hata chini Kahe kwa wiki moja, anakwenda karibu bila kinga hiyo.

Beba neti yenu. Usitegemee ya wenyeji. Iweke kwenye begi la mkononi, siyo buti ya basi, ili mkifika usiku iwe ya kwanza kutoka. Kwenye basi la usiku mtoto awe amevaa kamili na soksi. Stendi nyingi mnazosimama zina mbu.

## Hatua ya 10: Ameshaumwa, au ana homa

Kipele cha kawaida: osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, mkate kucha asijikune akatoa damu. Usipake dawa ya meno, mafuta ya taa wala spiriti. Kipele kikivimba zaidi, kikawa cha moto au kutoa usaha, mpeleke kituo cha afya.

Homa ni habari nyingine. Malaria haijitokezi siku moja baada ya kuumwa. Kwa kawaida huchukua siku 7 au zaidi, mara nyingi wiki moja hadi mbili, na wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo homa ya leo haitokani na mbu wa jana, na kumkuta mtoto hana vipele hakumaanishi hana malaria.

Mtoto chini ya miezi 3 akifika nyuzi joto 38, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Aliyezidi hapo, nenda siku hiyohiyo. Usianze na dawa ya malaria iliyobaki nyumbani: dozi hupimwa kwa uzito, na homa ya mtoto inaweza kuwa nimonia au maambukizi ya njia ya mkojo. Apimwe kwanza; kipimo cha haraka ni tone la damu ya kidole au kisigino na majibu hutoka ndani ya nusu saa.

Usisubiri hata kidogo ukiona anakataa kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au haamki vizuri, anapumua kwa shida, viganja na midomo vimepauka, au degedege. Mtoto mwenye degedege mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, na anzeni safari ya kwenda hospitali. Asipitishwe kwanza kwa mganga.

Mkifika, mwambieni muuguzi mambo matatu bila kusubiri kuulizwa: homa ilianza lini, amepewa dawa gani, na mmesafiri wapi katika mwezi mmoja uliopita. Mikoa yetu ya Kilimanjaro na Arusha ina malaria kidogo ukilinganisha na mingine, na mhudumu anayemwona mtoto wa Kibosho mwenye homa huenda akafikiria kifua kwanza. Ukisema "tumetoka Muheza, Tanga, wiki iliyopita", kipimo cha malaria kinachukuliwa mapema.